Mwanasheria wa mazingira ndani ya shirika la ujasusi la Marekani: kazi yenyewe ni ipi?

Mwangaza77

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mwanga kwa wanaoijua kazi hii. Mashirika ya ujasusi ya Marekani, yaani CIA, NSA, NGA na wenzao, yana ofisi za wanasheria, na ndani yake kuna wanaoshughulikia mazingira tu. Sheria ya mazingira naifahamu kwa upande wa viwanda na migodi, ila ujasusi na ardhi oevu sijaona vinakutania wapi.

Je, mashirika haya yanabanwa kweli na sheria za mazingira, au ukishataja usalama wa taifa kila kitu kinafutika? Mezani kuna kazi gani hasa? Siri inatunzwaje wakati tathmini ya mazingira inaandikwa ili wananchi waisome? Na mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki, mwenye ndugu huko, kibali cha usalama anakipata? Naomba majibu yenye vifungu na tarakimu.

Mzani_wa_Haki

Mkuu, tuanze na hilo la kwanza maana ndilo linalowapotosha wengi. Usalama wa taifa haufuti sheria. Sheria kubwa za mazingira za Marekani zina kifungu kinachoiweka serikali ya shirikisho chini ya masharti yale yale ya mtu mwingine yeyote: kifungu cha 118 kwenye sheria ya hewa, cha 313 kwenye sheria ya maji, cha 6001 kwenye RCRA inayosimamia taka, na cha 120 kwenye CERCLA inayosimamia usafishaji wa maeneo yaliyochafuliwa. Hakuna hata kimoja kinachowatoa majasusi.

Kilichopo ni mlango mwembamba wa msamaha, na ufunguo anao Rais peke yake. Kwenye RCRA, Rais anaweza kukisamehe kituo akiona kuna maslahi makuu ya taifa. Msamaha ni wa mwaka mmoja, ukiisha unahitaji uamuzi mpya, na kila Januari Rais anatakiwa kuliarifu Bunge. Ukosefu wa fedha si sababu, isipokuwa Rais aliziomba mahsusi kwenye bajeti na Bunge likazinyima. Mkurugenzi wa shirika hana mamlaka hayo, sembuse mwanasheria wake.

Mfano wa kuusoma kwa makini ni Groom Lake, Nevada, eneo ambalo CIA ililianzisha mwaka 1955 kwa majaribio ya ndege ya U-2 na baadaye likawa la jeshi la anga. Katikati ya miaka ya 1990 wafanyakazi na wajane walifungua kesi wakidai taka hatarishi zilichomwa kwenye mashimo ya wazi. Septemba 1995 Rais Clinton akasaini msamaha. Angalia ulisamehe nini: wajibu wa kutoa taarifa za siri kwa wasio na idhini, basi. Haukuruhusu mtu kuchoma taka. Kesi, Kasza dhidi ya Browner, ilizimwa na Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 9 mwaka 1998 kwa hoja ya siri za dola. Kwa hiyo wajibu wa sheria ulibaki palepale. Kilichofungwa ni njia ya mwananchi kuuthibitisha mahakamani. Mtu asiyeona tofauti hiyo atamshauri mteja wake vibaya.

Jambo la pili: jua uko nyumba gani. NSA, NGA, NRO (satelaiti za upelelezi) na DIA (ujasusi wa kijeshi) ziko chini ya Wizara ya Ulinzi. CIA haiko. Kifungu cha 120(j) cha CERCLA kinampa Rais uwezo wa kusamehe vituo vya Wizara ya Ulinzi na vya Wizara ya Nishati tu. Kifungu cha 7(j) cha sheria ya spishi zilizo hatarini nacho kinamtaja Waziri wa Ulinzi: yeye akisema msamaha unahitajika kwa usalama wa taifa, kamati husika haina budi kuutoa. Hoja inayosimama NSA inaweza isisimame kabisa CIA.

Nje ya nchi mambo ni tofauti. Amri ya Rais namba 12114 ya mwaka 1979, inayotaka tathmini ya athari ng'ambo, imezitaja shughuli za ujasusi waziwazi kati ya zilizosamehewa. Ndiyo maana kazi kubwa ni ya ndani: majengo, ardhi, maji na hewa ya Marekani kwenyewe.

Dizeli_na_Sheria

Mwangaza, naongezea upande wa mezani. Anayedhani kazi hii ni ya satelaiti na misitu atakuta jenereta, matangi, betri na mavumbi ya mashine za kusagia.

Jenereta kwanza, maana hapo ndipo sheria na siri vinapogongana kila siku. Kituo cha data cha ujasusi hakitakiwi kuzimika, kwa hiyo kina safu ya jenereta kubwa za dizeli. Kanuni za shirikisho zinairuhusu jenereta ya dharura kuwaka bila kikomo umeme ukikatika kweli. Kwa majaribio na matengenezo ina saa 100 kwa mwaka kwa kila injini, na humo humo zimo saa 50 zinazoweza kutumika bila dharura. Mita ya saa iwe ya aina isiyorudishwa sifuri. Kinachoharibu ni daftari: fundi anaandika saa, haandiki sababu. Mkaguzi akikuta saa 130 zisizo na maelezo, huna cha kumwonyesha kwamba 40 kati yake zilikuwa za umeme kukatika, na injini inaweza kupoteza hadhi yake ya dharura. Hapo inadaiwa viwango vya injini ya kawaida, ambavyo haikujengwa kuvifikia.

Sasa hesabu ya kibali cha hewa. Mwongozo wa mwaka 1995 wa EPA, shirika la shirikisho la kulinda mazingira, unahesabu uwezo wa kuchafua wa jenereta ya dharura kwa saa 500 kwa mwaka, hata kama wewe unaiwasha saa 20. Chukua jenereta ya kilowati 2,500 yenye kiwango cha gramu 6.4 kwa kilowati-saa, zikiwa ni oksidi za naitrojeni pamoja na hidrokaboni. Ni kilo 16 kwa saa, kilo 8,000 kwa saa 500, sawa na tani 8.8 hivi za Kimarekani. Ukiwa nazo 12, umevuka tani 100 na umeingia kundi la wachafuzi wakubwa. Kwenye maeneo yenye hewa mbaya ya ozoni kikomo kinashuka hadi tani 50 au 25. Dawa yake ni kuomba kikomo cha saa ndani ya kibali chenyewe: kwa saa 200, jenereta hizo hizo 12 zinakuwa kama tani 42.

Halafu tazama ulichokiandika kwenye ombi: idadi ya jenereta na ukubwa wa kila moja. Ukijumlisha umepata kadirio la umeme wa kituo, na ombi la kibali ni waraka wa umma. Suala hilo lizungumzwe na watu wa usalama KABLA ombi halijaenda kwa jimbo. Likishafika huko limeshatoka.

Matangi ni hesabu ya kawaida. Ukiwa na uwezo wa kuhifadhi mafuta juu ya ardhi unaozidi galoni 1,320, ukihesabu kila chombo cha kuanzia galoni 55, na mafuta hayo yakivuja yanaweza kufika mtoni au ziwani, unahitaji mpango wa kuzuia umwagikaji, unaopitiwa kila miaka 5. Watu husahau transfoma zenye mafuta na matangi madogo ya siku yaliyo pembeni ya jenereta. Yote yanahesabiwa.

Betri za kushikilia umeme zikiwa za risasi na asidi, zina asidi ya sulfuriki, na kiwango cha kuripoti ni pauni 500. Sheria ya kuripoti kemikali kwa jamii haikuitaja serikali ya shirikisho; kuanzia mwaka 1993 iliingizwa kwa amri za marais, na amri hubadilika na marais. Soma iliyopo leo, usitegemee jalada la mtangulizi wako. Mkandarasi binafsi aliyemo ndani ya uzio ana wajibu wake mwenyewe.

Halafu uharibifu wa vitu vya siri. Karatasi husagwa hadi vipande visivyozidi milimita 1 kwa 5. Diski na bodi za elektroniki nazo husagwa, na hapo RCRA inaingia. Bodi zilizosagwa zinazokwenda kuchakatwa tena hazihesabiwi kuwa taka, mradi ziwe ndani ya vyombo na zisiwe na swichi za zebaki wala betri za lithiamu au za nikeli-kadmiamu. Vumbi linalonaswa kwenye vichujio vya mashine ni habari nyingine: lipimwe, na risasi ikifika miligramu 5 kwa lita kwenye kipimo cha uchujukaji, hiyo ni taka hatarishi.

Ukizalisha taka hatarishi chini ya kilo 1,000 kwa mwezi, na zaidi ya 100, una siku 180 za kuzihifadhi. Ukifika 1,000 ni siku 90. Ukumbi mmoja wa seva ukisafishwa kwa mara moja unaweza kukuhamisha kundi ndani ya mwezi mmoja. Kama jimbo lako limeipokea kanuni ya tukio la mara moja, toa taarifa siku 30 kabla, una siku 60 za kumaliza, na unabaki kundi lako. La sivyo saa inagonga. Na hapa ndipo wengi hukwama: vifaa viko kwenye kreti vikingoja watu wa usalama waidhinishe kusagwa, huku siku 90 zinayoyoma. Nyongeza ya siku 30 ipo, lakini ni kwa jambo la ghafla lisilozuilika. Foleni ya ofisi ya usalama ilijulikana tangu mwanzo. Si jambo la ghafla. Panga ratiba ya idhini kwanza, ndipo mafundi waanze kung'oa seva.

Mwangaza77

Ahsante sana, hii ndiyo niliyoitafuta. Swali dogo: hati ya kusafirisha taka inasainiwa na nani kama shirika liko ndani ya kambi ya jeshi? Na hati hiyo nayo ni ya umma?

Dizeli_na_Sheria

Inategemea mkataba wa mpangaji na mwenye nyumba, kwa hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuisoma. NSA ipo Fort Meade, Maryland, ambayo ni kambi ya jeshi la nchi kavu, na kambi hiyo iko kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo yaliyochafuliwa tangu mwaka 1998. Namba ya utambulisho ya mzalishaji taka ikiwa ya kambi, kosa la mpangaji linaandikwa kwa mwenye nyumba. Mkataba useme nani anasaini, nani analipa faini, nani anamsindikiza mkaguzi. Tangu 2024 useme pia nani anabeba mzigo wa povu la zimamoto, kwa sababu mwaka huo EPA iliziingiza PFOA na PFOS, kemikali zilizotumika kwenye povu hilo, kwenye orodha ya vitu hatarishi ya CERCLA.

Hati za taka ziko kwenye mfumo wa kielektroniki wa taifa tangu Juni 2018, na taarifa zake hufunguliwa kwa umma baada ya siku 90. Kwa hiyo maelezo ya taka yaandikwe kwa kemia yake na msimbo wake. Jina la mradi halina kazi kwenye hati hiyo.

Bahari_Tulivu

Niingie kwenye siri na NEPA, sheria inayodai tathmini ya athari.

Msingi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1981 kuhusu West Loch, Hawaii, ambako jeshi la majini lilijenga maghala yenye uwezo wa kuweka silaha za nyuklia. Mahakama ilisema sheria ina malengo mawili, kumfanya mwamuzi ayafikirie mazingira na kuwajulisha wananchi, na la pili likizuiwa na siri, la kwanza halifi. Kwa maneno mengine, tathmini inaandikwa hata kama hakuna raia atakayeisoma. Wakati huohuo ikasema kama jeshi lilitii au la ni jambo lisilochunguzika mahakamani, maana kuthibitisha kungefichua siri. Unaona uzito wake: kwenye faili la siri, mwanasheria wa ndani mara nyingi ndiye msomaji wa mwisho mwenye jicho la sheria. Hakuna jaji atakayekuja kurekebisha ulichopuuza.

Kwa vitendo, andika waraka wa wazi tangu sentensi ya kwanza, kisha kiambatisho cha siri kwa kile kidogo kisichoepukika. Wanaoandika waraka mzima wa siri kwanza ili waje "kuusafisha" hujikuta na kurasa zenye mapengo zisizoeleweka, na mapengo yenyewe humwonyesha msomaji siri iko wapi. Kieleze kituo kwa mzigo wake juu ya ardhi: ekari, idadi ya magari asubuhi, galoni za maji, kelele, mifereji ya mvua. Athari kwa kijito inatokana na lami na paa, na kijito hakibadiliki kwa kazi inayofanyika chini ya paa hilo.

Mfano mzuri ni kituo kipya cha NGA huko St. Louis. Maeneo manne yalilinganishwa hadharani, uamuzi ukatolewa Juni 2016 kuchagua ekari 97 kaskazini mwa jiji, na hoja zilikuwa makazi ya watu, udongo, usafiri na majengo ya kihistoria. Shirika ni la ujasusi, lakini waraka ulisomwa na yeyote.

Jihadhari na mrundikano. Amri ya Rais namba 13526 inatambua kwamba vipande visivyo vya siri vikikusanywa pamoja vinaweza kuwa siri. Mkataba wa maji peke yake hausemi kitu. Weka pembeni yake kibali cha hewa na ramani ya maegesho, picha inajitokeza. Kwa hiyo mtu mmoja ashike orodha ya kila namba iliyokwisha kutoka nje. Amri hiyo hiyo, kifungu cha 1.7, inakataza kuweka muhuri wa siri ili kuficha uvunjaji wa sheria, uzembe au aibu. Kikariri, utakihitaji siku meneja atakapotaka matokeo ya maji ya kisima "yapandishwe daraja".

Muda nao uupange. Ofisi ya jimbo ya urithi wa kihistoria hupewa siku 30 kujibu. Mashauriano rasmi ya spishi ni siku 90 pamoja na 45 za kuandika maoni, jumla 135. Ukihitaji afisa wa wanyamapori mwenye kibali cha kusoma kiambatisho, mtafute miezi kabla.

Na sasisha vitabu vyako. Marekebisho ya 2023 yaliweka ukomo wa kurasa 150 na miaka 2 kwa tathmini kamili, kurasa 75 na mwaka 1 kwa ile fupi. Mwaka 2025 baraza la mazingira la Ikulu lilifuta kanuni zake za NEPA, na Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majaji waheshimu zaidi uamuzi wa shirika kuhusu kina cha tathmini. Sasa msingi wako ni sheria yenyewe na taratibu za idara yako.

Dira_ya_Kusini

Kibali cha usalama, kwa ufupi.

Lazima uwe raia wa Marekani. Uraia wa nchi mbili peke yake haukukatai. Kwa upande wa taaluma, shahada ya sheria na uanachama hai wa chama cha mawakili cha jimbo lolote. Fomu ni SF-86. Ndugu wa karibu unawaorodhesha wote popote walipo. Wageni wengine mlio na ukaribu wa kudumu ni wa miaka 7 iliyopita, na safari za nje vivyo hivyo. Kuna swali kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Kumtumia mama fedha za matumizi ni jibu la "ndiyo", na si dhambi. Dhambi ni kuliacha wazi, maana taarifa za benki zitaonekana, na kuficha kunapimwa kwa uzito kuliko jambo lenyewe. Wanaume waliokaa Marekani kati ya miaka 18 na 26 waangalie kama walijiandikisha kwenye orodha ya wito wa jeshi. Bangi bado ni kosa la shirikisho hata jimbo likiiruhusu. Madeni yaliyotelekezwa huangusha wengi. Yanayolipwa kwa mpango ulioandikwa hayana shida kiasi hicho. Kwa CIA na NSA tegemea pia mashine ya kupima uongo.

Vigezo vya uamuzi ni 13, viko wazi kwenye agizo la mwaka 2017 linaloitwa SEAD 4. Kila kigezo kina orodha ya yanayopunguza uzito. Visome kabla hujagusa fomu, uambatishe maelezo pale unapojua kuna swali litakalokuja.

Mwangaza77

La mwisho, wakuu. Ukikuta sheria inavunjwa kweli humo ndani, na kila kitu ni siri, unafanyaje?

Mzani_wa_Haki

Mteja wako ni shirika, si meneja aliyekuomba ushauri. Kwa hiyo unapanda ngazi ndani ya ofisi yako hadi kwa mwanasheria mkuu wa shirika, kwa maandishi, kwenye mfumo wenye daraja sahihi la siri. Kama kuna jinai ya shirikisho, mashirika ya ujasusi yana wajibu wa kuiripoti kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali chini ya Amri ya Rais namba 12333. Njia nyingine ni mkaguzi mkuu wa shirika, na sheria ya mwaka 1998 inaruhusu jambo la dharura lifikishwe kupitia kwake kwenye kamati za ujasusi za Bunge. Mwandishi wa habari hayumo kwenye orodha hiyo. Kuhusu kuchapisha baadaye, kesi ya mwaka 1980 ya Snepp, afisa wa zamani wa CIA aliyeandika kitabu, ilithibitisha kwamba andiko lako hupitiwa kwanza, na ukikiuka mapato yake yanachukuliwa.

Wakikuambia hakuna anayeshtakiwa kwa mambo haya, wape kesi ya Aberdeen, Maryland. Wasimamizi 3 wa kiraia kwenye utafiti wa silaha za kemikali wa jeshi walitiwa hatiani mwaka 1989 kwa makosa ya RCRA, na mahakama ya rufani ikakataa hoja kwamba kuwa watumishi wa serikali kunawakinga. RCRA ya sasa inamkinga mtumishi dhidi ya faini za madai kwa kazi aliyoifanya ndani ya wadhifa wake, jinai haikuguswa. Weka aya hiyo kwenye ushauri wako wa kwanza kabisa kwa meneja wa kituo, pamoja na tarehe ambayo siku zake 90 zinaisha.